Miavuli Haimo

Machi 3

Mvua imeanza. Kila mwaka inaanza mwezi huu huu, na kila mwaka watu wa mji huu wanashangaa kana kwamba wameonewa. Mchana baraza la Bwana Misumari lilijaa watu waliolowa chapachapa, kila mmoja na mwavuli wake uliopinduka, kila mmoja akiulaani. Waliununua kwa sababu ulikuwa na maua. Mwavuli wa maua una vyuma vya kuchokolea meno, lakini nani atawaambia?

Mimi siwaambii. Mimi nawatengenezea.

Naandika hapa jambo ambalo sijawahi kulazimika kumweleza mtu, maana liko wazi. Mwenye kiatu kilichokatika atakutafuta hata uchochoroni. Mwenye mwavuli uliovunjika anaukumbuka wakati wa mvua tu, na wakati wa mvua hatembei kutafuta fundi. Anakimbilia baraza la karibu. Kwa hiyo fundi awe tayari ameshakaa kwenye baraza hilo, koleo mkononi. Jua likitoka, mwavuli unatupwa nyuma ya mlango na fundi anasahaulika naye. Mjomba alinifundisha hivyo nikiwa kijana, miguu yangu ikiwa tayari imeshakataa kazi, na tangu hapo sijaona sababu ya kubishana naye.

Baraza hili ni pana, liko mkabala na kituo cha mabasi, na mwenye duka anauza misumari, rangi na mabomba. Baiskeli yangu ya mikono inaingia bila ngazi. Askari wa mji wakija kufukuza wachuuzi, wananiruka. "Mwacheni huyo, maskini wa Mungu." Huruma yao naichukia, ila nimeikalia miaka yote hii na haijanichoma.

Asubuhi Dada alinipigia kelele kutoka mlango wa jikoni, majirani wote wanasikia: "Usirudi bila mafuta!" Miezi ya mvua mafuta ya kupikia, unga na sabuni ni juu yangu, na akiba ya miezi hiyo ndiyo inayonivusha kiangazi, ninapobaki na zipu za mabegi. Kodi ni ya Shemeji. Sawa. Lakini lazima atangaze kama anayemfukuza mlevi?

Machi 5

Mvua. Koleo halikupoa. Mafuta nimepeleka.

Machi 9

Leo nimetembelewa na serikali. Ni binti mmoja wa ofisi ya ustawi, mpole, kitambulisho shingoni, na mwavuli wenye mbavu mbili zilizochomoka, ameufunga kwa mpira wa nywele. Dada ndiye aliyepeleka jina langu. Alisikia kliniki kwamba kuna programu.

"Shikamoo kaka. Nimekuja kwa ajili ya kukuwezesha."

"Marahaba. Lete huo mwavuli, unavuja."

Akanipa. Akaendelea kuniwezesha huku mimi nikimtengenezea.

"Kwa sasa unajishughulisha na nini?"

Nikalitazama koleo. Nikautazama mwavuli wake uliokuwa umelala magotini pangu umepasuliwa tumbo. Nikamtazama yeye. "Natengeneza miavuli."

"Ahaa. Hiyo ni changamoto." Akafikiri. "Miavuli haimo kwenye fani zetu, kaka. Tuna kuku, tuna ushonaji, tuna sabuni na tuna mikate."

"Mimi fani ninayo. Nipeni turubai la kurefusha hili paa, maji ya upepo yasinipige. Na vyuma vizuri vya mbavu. Basi."

"Vifaa hatumpi mtu mmoja mmoja. Tunatoa kwa kikundi."

"Kikundi cha nini?"

"Cha watu wenye mahitaji maalumu."

Yaani mimi, na mtu yeyote ambaye Mungu alimpunguzia kitu chochote, tayari tuna biashara moja. Nilimrudishia mwavuli wake ukiwa mzima. Akaufungua, akashangaa, akashukuru sana, akaondoka bila kulipa. Neno "changamoto" alilitaja mara nyingi hivi kwamba Bwana Misumari, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, amelifanya jina la huyo binti.

Usiku Dada alinibana. "Nenda tu ukasikilize. Huwezi kujua, turubai lako huenda likapatikana."

Na mimi, kwa tamaa ya turubai, nikakubali.

Machi 13

Semina ya watu wasioweza kupanda ngazi inafanyika ghorofa ya pili. Nilibebwa na walinzi wawili na mpishi wa chai, mmoja akisema "polepole, tusimgonge ukutani", kama kochi la harusi. Baiskeli yangu ilibaki chini ikilowa.

Tulikuwa watu kadhaa. Wawili ninawaandika, wengine walikuja kwa ajili ya chai. Wa kwanza ni bwana mmoja asiyeona, muuza vocha za simu sokoni, anayemjua kila mtu kwa sauti. Amechaguliwa mwenyekiti kwa sababu hakunyamaza. Ukimwambia kwenye kiti kile amekaa mkubwa, atakiinamia kiti. Mratibu akikohoa, yeye anamshukuru. Simpendi. Wa pili ni dobi, mwanamke asiyesikia, mikono imekunjamana kwa sabuni. Mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo. Tuliambiwa yuko kwenye bajeti ya mwaka ujao. Mwezeshaji akawa anamwongelesha kwa kupaza sauti. Yule mama akitikisa kichwa kwa adabu, wao wakaandika kwamba amekubali kuwa mhazini.

Mwenyekiti alipewa kijitabu chenye picha. Akakishukuru nacho.

Somo la leo: Kujiamini.

Machi 14

Mvua. Semina. Somo: Fursa Ziko Kila Mahali. Niliziona dirishani zikipita mbio, zimepinduka, zinamwagiwa maji na mabasi.

Machi 15

Mvua. Semina. Chai ilikuwa baridi.

Machi 17

Dobi ameondoka. Wakati wa chai alinigusa mkono, akanionyesha dirisha, akanionyesha mvua. Akasugua viganja kama anayefua. Kisha akamwonyesha mwezeshaji na kwa vidole vyake akafanya mdomo: unafunguka, unafungwa, unafunguka, unafungwa. Akacheka, akachukua mkoba wake akashuka ngazi.

Nilimdharau. Nilisema moyoni, huyu ndiye anayetufanya tuonekane hatujielewi, anakimbia kabla ya kugawiwa. Changamoto alipoulizwa akasema yule mama bado yupo, ni mhazini wetu.

Jioni Dada akauliza kama nimepita dukani. Nikamwambia leo sikushika koleo. "Basi," akasema.

Machi 24

Semina imekwisha. Tumepewa vyeti na habari. Kikundi chetu kitafuga kuku na kuuza mayai, na tutajengewa kibanda nyuma ya uwanja wa mpira, kwa sababu kiwanja cha bure kilikuwa huko.

Nikauliza: nyuma ya uwanja anapita nani?

"Mkishaanza biashara watu watapita," akasema Changamoto. "Na wewe kaka nimekupigania. Utapata kona humo humo ya miavuli. Tumeiandika kama huduma mtambuka."

"Na turubai?"

"Kibanda kina paa, kaka. Turubai la nini tena?"

Mwenyekiti akapiga makofi. Nilikuwa karibu naye na nilitamani kumfinya.

Machi 30

Nimerudi barazani. Mvua, wateja, mvua. Kuna bibi aliyeleta mwavuli wa marehemu mumewe, mpini wa mti, chuma cha kweli, si hivi vya siku hizi. Niliufanyia kazi kwa heshima. "Usirudi bila mafuta!" Nimerudi nayo, na sukari juu yake. Bila shaka hakuna aliyeisifu sukari.

Aprili 6

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwandiko hautasomeka na sijali.

Asubuhi walikuja askari wa mji wawili. Nikadhani wataniruka kama kawaida. Mkubwa wao akasimama mbele yangu.

"Wewe bwana, si ulishahamishwa?"

"Nani kanihamisha?"

"Serikali. Una kibanda chako kule uwanjani. Hapa sasa unazagaa tu."

"Kibanda chenyewe hakijaisha."

"Hayo ni ya ustawi. Sisi tumeambiwa walemavu wote wa barabara hii wameshahudumiwa. Aliyebaki ni mkaidi."

Jana maskini wa Mungu, leo mkaidi. Hakuna aliyewahi kupandishwa cheo haraka hivyo.

Nikamwita Bwana Misumari. Nilitegemea aseme neno moja tu, kwamba baraza ni lake na aliyekaa hapo amemkaribisha yeye. Miaka yote watu wakijikinga mvua kwangu wanamalizia kwa kununua kitasa kwake. Akatoka akijifuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Fundi, unajua mimi sina neno na wewe."

"Basi waambie hilo."

"Wakinitoza faini mimi nitamwambia nini mwanangu ninayemlipia chuo? Na wewe kwa kweli umepewa mahali. Wengine hawajapewa kitu."

Mvua ilikuwa inanyesha. Watu wapatao wanane walikuwa wamesimama barazani na miavuli iliyovunjika mikononi, wanasikiliza wote, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mmoja aliniuliza kama kabla sijaondoka ningeweza kummalizia wake. Nikammalizia. Mkono unafanya kazi hata moyo ukiwa umekufa. Halafu nikafunga vyuma vyangu kwenye baiskeli, nikavuta gunia juu ya magoti na kuteremka barabarani.

Mchana nilipita tena. Kwenye kona yangu Bwana Misumari ameshapanga ndoo za plastiki, kubwa kwa ndogo. Aliniona, akaingia ndani kutafuta kitu.

Aprili 8

Nimekwenda kukiona kibanda pamoja na Mwenyekiti. Yeye ndiye aliyekiona kwanza. Fimbo yake iligonga zege, ikapanda, ikagonga tena, ikapanda. Akasimama.

"Fundi. Hizi ni ngazi?"

"Ngazi."

"Ngapi?"

"Za kukutosha."

Wamekijenga juu ya msingi mrefu ili mvua isiingie ndani. Mvua haitaingia. Mimi pia sitaingia. Mlango uko nyuma, ngazi ziko mlangoni, dirisha la kuuzia liko mbele, juu kwa mtu aliyesimama. Paa limekatwa sawasawa na ukuta, halina hata kiganja cha kujikinga chini yake. Kibanda cha fundi miavuli kisichoweza kumkinga mtu na mvua! Hata ukikusudia kumkomoa mtu, ungehitaji akili zaidi ya hii.

"Nieleze kilivyo," Mwenyekiti akasema. "Usinifiche."

Nikamweleza, mlango kwa dirisha kwa paa. Nilidhani atatafuta la kushukuru. Akakaa kwenye ngazi ya chini, akacheka mpaka machozi yakatoka kwenye yale macho yake, akajipiga paja, akaanza upya. Nikajikuta nacheka naye. Tulipotulia akajifuta akasema taratibu, "Na bado kesho nitawashukuru. Mimi hawa wakubwa wakininyima vocha za mkopo sokoni sina pengine, Fundi. Wewe una koleo. Mimi nina mdomo."

 Njiani nilimwacha ashike nyuma ya baiskeli yangu.

Aprili 11

Nimepeleka malalamiko ofisini, yaani chini ya ngazi za ofisi, na Changamoto akashuka kunisikiliza. "Ngazi, kaka. Ni kweli. Changamoto tumeipokea."

Aprili 12

Mvua.

Aprili 13

Mvua. Nimekaa nyumbani kuitazama.

Aprili 19

Changamoto iliyopokelewa imefanyiwa kazi. Wamejenga njia ya mteremko, nzuri, pana, zege safi, baiskeli inapanda bila jasho. Wameijenga mbele. Inaishia dirishani. Sasa ninaweza kupanda mpaka kwenye dirisha la kibanda changu na kujiuliza kama nipo.

Fundi mwashi alinionyesha mchoro kwenye simu yake: mteremko uwe upande wa mbele. Yeye amefuata. Nikamuuliza kama hakuona kwamba mlango uko nyuma. "Niliona," akasema. "Lakini sikuulizwa."

Nimekaa huko juu mpaka jioni, mvua inanipiga mgongoni. Wamepita mbuzi wa mtu.

Aprili 23

Shemeji si mtu mbaya, ila leo mezani alisema, bila kunitazama, kwamba mwezi huu tupunguze sukari "kwa hali hii". Hali yenyewe ni mimi. Zamani angeniuliza mimi kwanza, maana sukari ilikuwa yangu.

Nikamwambia Dada kesho nitatafuta hata zipu za mabegi nilete mafuta. Akanigusa bega. "Usihangaike," akasema kwa upole.

Miaka yote amekuwa akinipigia kelele na nikimlaani. Leo kanisemesha kama mgonjwa, na nimeumia kuliko siku ya askari. Nilizima taa mapema wasinione.

Aprili 26

Vifaranga wamekuja.

Aprili 29

Vifaranga wamekwisha. Baridi. Sanduku la kuwatia joto liko awamu ya pili.

Mei 2

Nilipita mtaa wa dobi. Ameezeka ua wake mzima kwa mabati ya kuokoteza, kamba zimejaa mashuka, mkaa unafuka chini yake kuyakausha. Wakati wa mvua nguo za mji mzima hazikauki, na mtu pekee mwenye nguo kavu ni yeye. Kulikuwa na foleni mlangoni kwake. Aliniona, akatazama baiskeli yangu isiyo na vyuma, akaelewa. Akafanya tena ule mdomo wa vidole, unafunguka, unafungwa, ila safari hii hakucheka. Akanimiminia chai ya moto.

Katika semina nzima aliyejielewa alikuwa mmoja, nami nikamwita kichwani mwangu kila jina. Ofisini bado ni mhazini.

Mei 5

Leo ilikuwa uzinduzi, nami nitauandika wote, maana sitegemei kuona kitu kama hiki tena.

Turubai lilikuwepo. Kubwa, jeupe, jipya, la kuwakinga wageni waalikwa. Nililitazama kwa muda mrefu. Viti vilifunikwa vitambaa. Mimi niliwekwa juu ya ule mteremko wangu mbele ya dirisha, ili nionekane kwenye picha, na nje ya turubai, ili kibanda nacho kionekane. Changamoto alinivalisha fulana ya programu. Mayai ya maonyesho yalikuwa yamenunuliwa sokoni, yamepangwa vizuri.

Mgeni rasmi alichelewa, mvua haikuchelewa. Aliposhuka kwenye gari, msaidizi akamfungulia mwavuli mkubwa wa ofisi, wa rangi mbili, na upepo wa uwanjani ukaupindua hapo hapo. Mbavu tatu zikachomoka. Mgeni rasmi akabaki katikati ya uwanja, suti inakunywa maji, na watumishi wakaanza kukimbia kila upande wakiitana. Hakuna aliyethubutu kumwambia akimbie.

"Leteni hapa," nikasema.

Sikupanga kusema. Mkono uliutangulia mdomo. Msaidizi akaniletea ule mwavuli. Koleo sijawahi kuliacha, liko chini ya kiti cha baiskeli. Nikachomoa waya uliokuwa umefungia kamba ya turubai lao, nikakata, nikazirudisha mbavu, nikazikaza. Mtu hajamaliza kupiga chafya mwavuli ukawa umesimama.

Mgeni rasmi akaugeuza, akautikisa, akafurahi kabisa. Akasogea mpaka kwangu.

"Hii ndiyo kazi!" akasema, kwa wote. "Haya ndiyo matunda! Mmemfundisha kwa muda gani?"

Nikamtazama Changamoto. Alikuwa amesimama kwenye tope na viatu vya sherehe.  Nilimwachia nafasi, kwa kweli nilimwachia.

"Wiki mbili, mheshimiwa."

Makofi. Mjomba wangu mahali alipolala lazima aligeuka ubavu. Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia mheshimiwa kitu ambacho kingenifukuzisha hata kwenye ule mteremko, na hapo nikahisi mkono wa Mwenyekiti ukinitafuta bega.

"Wiki mbili tu?" akaninong'oneza. "Una akili sana. Mimi ningechukua tatu. Nyamaza sasa, unipishe."

Akaomba kipaza sauti atoe shukrani za wanufaika. Alishukuru serikali, ofisi, mgeni, dereva wa mgeni na mvua. Nikafumba macho kwa aibu. Kisha akasema:

"Na zaidi ya yote, mheshimiwa, tunakushukuru kwa wazo lako la kumpeleka fundi wetu pale baraza la duka la misumari, mkabala na kituo, ambako watu wanakimbilia wakati wa mvua. Wazo kubwa sana. Sisi wenyewe tusingelifikia."

Mgeni rasmi hakuwa na wazo lolote. Lakini lilipofika alilipokea kama mtu aliyeletewa koti lake mwenyewe. Akatikisa kichwa polepole. "Naam. Huduma iwafuate watu," akasema. "Ofisi ishughulikie." Changamoto akaandika.

Mtu niliyemdharau tangu Machi kwa kuinamia viti aliniombea baraza langu kwa sentensi moja, tena kwa uongo mtupu. Nilimshika mkono tukiwa nyuma ya kibanda. "Acha bwana," akasema, "nimeshaanza kujisikia aibu mwenyewe."

Mei 6

Mvua. Nimeuliza. Ofisi inashughulikia.

Mei 10

Mvua. Wamekuja kupima baraza. Wamelipima baraza nililokaa miaka yote hiyo, ili wajue kama linanifaa.

Mei 13

Mvua kidogo. Kikao.

Mei 16

Manyunyu. Kikao kimeahirishwa, mjumbe mmoja amelowa akapata mafua.

Mei 18

Hakuna mvua.

Mei 24

Nimerudishwa barazani rasmi. Changamoto alikuwepo, askari wa mji yule yule alikuwepo, akanipa mkono. Bwana Misumari alihamisha ndoo mwenyewe na kusema kwa sauti kubwa kwamba siku zote alisema hii kona ni yangu. Ukutani juu ya kichwa changu wamepigilia bango: MRADI WA KUWAWEZESHA WATU WENYE MAHITAJI MAALUMU. HUDUMA YA MIAVULI. Misumari wamenunua kwake.

Nimekaa pale pale, koleo lile lile, vyuma vile vile. Anga jeupe, jua linapasua lami. Watu wanapita katikati ya barabara, hakuna anayekimbilia baraza la mtu. Dobi alipita na furushi, akalisoma bango herufi kwa herufi, akanitazama. Akainua mkono, akafanya ule mdomo, nami kwa mara ya kwanza nikamjibu kwa wangu. Alicheka kwa sauti mpaka watu wa kituoni wakageuka.

Mei 25

Jua.

Mei 29

Jua. Zipu moja.

Juni 4

Mchana alikuja Changamoto, hana mwavuli, uso umechangamka hata nikamwonea huruma kabla hajasema.

"Kaka! Habari njema. Miavuli imo!"

"Imo wapi?"

"Kwenye fani zetu. Mheshimiwa amependa sana, imepitishwa. Na wewe ndiye utakayekuwa mwezeshaji. Mwaka ujao mvua zikianza tu, tunaanza semina. Utawafundisha wenzako ishirini."

"Wapi?"

"Pale pale ghorofani. Tutakubeba kaka, usijali."

"Mvua zikiwa zinanyesha, mimi nikiwa ghorofani, hapa atakaa nani?"

"Hapana, wakati huo tutakuwa tumepafunga kwa muda, kwa sababu wewe utakuwa kwenye mafunzo."

"Na hao ishirini wakishajua kazi watakaa wapi?"

"Tutawajengea vibanda." Akasubiri nifurahi. "Nyuma ya uwanja kiwanja bado kipo."

Nilimtazama. Mtoto wa watu, hana ubaya hata kidogo, na hilo ndilo linalochosha. Ningemtukana angelia, na kesho angekuja mwingine na kitambulisho hicho hicho.

"Unasemaje kaka?"

"Changamoto nimeipokea," nikamwambia.

Akaandika. Akaondoka akifurahi.

Jioni nilimsimulia Dada jikoni, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi, haikuhitaji. Alikuwa anakoroga chungu na hakugeuka. Nilifikiri ataniambia nikubali, huenda safari hii turubai likapatikana. Akagonga mwiko ukingoni mwa chungu.

"Kesho usirudi bila mafuta," akasema.

"Dada, ni kiangazi. Nitayatoa wapi?"

"Nimesema usirudi bila mafuta!" Akaipaza sauti mpaka mlango wa jirani ukafunguka.